Pikipiki ya Wiki Moja

Pikipiki ile ilikuwa yangu kwa miezi kumi na minne tu. Kisha dada yangu Chizuru akaiazima kwa wiki moja, akakaa nayo miaka minane. Jambo hili nimelisimulia mezani kila mwaka mpya kwa karibu miaka arobaini, na kila mara yeye hunisogezea bakuli la samaki na kusema, "Kula, Yukinobu. Ukiwa na chakula mdomoni unapendeza zaidi."

Niliinunua mwaka 1971, nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya misimu miwili ya kukata mierezi mlimani na kupanda miche yake. Ilikuwa pikipiki ya vijia vya milimani: nyembamba, ndefu ya miguu, matairi yenye meno, ekzosi imeinuliwa juu ili isinywe maji ya vijito, tangi jeupe lenye mstari mwekundu. Katika bonde letu lote hapa mkoani Tokushima hapakuwa na ya pili. Jumapili nilipanda nayo njia za wakata miti mpaka mahali ambapo wakata miti wenyewe huona tabu kufika, nikazima injini, nikakaa kidogo, nikashuka. Hakuna nilichokuwa nakitafuta huko. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, basi.

Septemba ya mwaka uliofuata kimbunga kikaporomosha barabara ya kwenda Hinoura, kitongoji cha juu kabisa. Dada alikuwa muuguzi wa wilaya, na wagonjwa wa Hinoura walikuwa wake. Alikuja nyumbani amevaa buti za mpira, begi la dawa mgongoni, akanyoosha mkono.

"Ufunguo. Wiki moja tu."

"Wewe hujui kuendesha hiyo, dada."

"Na wewe hujui kuzalisha. Lete."

Mwezi uliofuata nilikwenda Osaka kufanya kazi kiwandani, na pikipiki ikabaki kwake. Niliporudi baada ya miaka kumi na mitatu kufungua karakana yangu, lami ilishafika Hinoura, ofisi ilishampa dada kigari kidogo, na pikipiki haikuonekana. Nilipouliza alisema ameiacha huko juu kwa mzee mmoja mkulima wa chai. "Isahau," akaniambia. Nikadhani ameiharibu na anaona haya, na kwa kuwa mimi ni mdogo wake, nikaona raha kumkumbusha kila mwaka.

Novemba iliyopita akanipigia simu mtu wa kubomoa nyumba. Yule mkulima wa chai alikwisha kufa zamani, Hinoura haina mtu tena, na wajukuu wake wa Nagoya walitaka nyumba ibomolewe kabla paa halijaanguka lenyewe.

"Fundi," alisema, "kwenye banda la majani ya chai kuna pikipiki ya kizamani. Nipeleke kwenye vyuma chakavu au unaihitaji?"

"Ina tangi jeupe?"

"Labda iliwahi kuwa nalo."

Nilipanda na kigari changu cha mizigo siku ileile. Ilikuwa imeegemezwa ukutani, imefunikwa mikeka iliyooza. Matairi yalikuwa yamepasuka, panya walikuwa wamezaa ndani ya chujio la hewa, spoku zote kutu tupu. Nilikanyaga kiki, nayo haikusogea hata unywele: pistoni ilikuwa imeganda ndani ya silinda. Upande wa kulia wa tangi palikuwa na kibonyeo kikubwa kama bakuli la wali. Mimi nina miaka sabini na moja, mke wangu ameshatangulia, na siku hizo nilikuwa nafunga karakana kidogokidogo, nikigawa spana zangu. Lakini nilipoweka mkono kwenye kiti kile sikusita: niliifunga kamba, nikaipakia garini.

Dada alikuja karakanani jioni, na mfuko wa figili za chumvi. Alisimama mlangoni muda mrefu bila kuingia.

"Imekuwa ndogo," alisema.

"Ni wewe umekuwa mkubwa. Hasa huku nyuma."

Siku nyingine yoyote angenirushia figili. Siku hiyo aliweka mfuko juu ya benchi, akavua viatu vya matope.

"Utaifanya iwake?"

"Nataka iwe kama siku niliyoitoa dukani. Ing'ae."

"Basi nitakuja kukusaidia. Mikono yako inatetemeka."

"Na wewe nyonga yako ni ya chuma, dada."

"Ndiyo maana nafaa kazi ya vyuma."

Akawa anakuja Jumanne na Ijumaa, majira yote ya baridi. Niliweka jiko la mafuta ya taa katikati ya karakana, birika juu yake, na viti viwili. Tulimimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kwenye tundu la plagi na kuyaacha siku kumi yapenye. Siku ya kumi na moja niliweka kipande cha mti juu ya pistoni nikaigonga polepole kwa nyundo, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa, mpaka ikashuka upana wa kucha. Dada alipiga makofi kwa furaha. Silinda ilikuwa na mikwaruzo, nikaipeleka mjini kuchongwa, nikaagiza pistoni kubwa kidogo. Yeye alichukua kabureta. Aliifungua juu ya gazeti, akasafisha vitundu vyake kwa waya mwembamba, miwani imeshuka puani, na hakupoteza hata skrubu moja. Mikono iliyochoma sindano miaka arobaini haitetemeki.

Kilichonishangaza ni kwamba yeye aliijua pikipiki kuliko mimi. Nilijidai kumweleza kuhusu gia, akanikatiza.

"Ya pili inaruka. Uikanyage, uhesabu moja, ndipo uachie klachi. Ukiilazimisha inakasirika."

"Wakati wangu haikuwa inaruka."

"Wakati wako haikuwa imebeba mtu, na magunia mawili ya unga, na mimi."

Nilikuta sehemu za kukanyagia za abiria zimechomelewa upya kwa mkono mzito. Nikamwuliza. Alisema ni mhunzi wa Hinoura, aliyelipwa kwa kuondolewa jipu. Nikakuta ukanda wa ngozi uliokatika chini ya kiti, wa kufungia sanduku la dawa. Kila kitu nilichokigusa kilikuwa na jina la mtu. Huyu alizaa mapacha wakati wa theluji, yule aliumwa na nyoka kwenye shamba la chai, mwingine hakuwa mgonjwa hata kidogo ila alikuwa akimwita muuguzi kila mwezi ili apate mtu wa kuongea naye. Mimi nilikuwa na vilele vitatu nilivyovipanda na Jumapili kadhaa za kusimulia. Nilivisimulia vyote wiki ya kwanza, kisha nikawa msikilizaji.

Katikati ya Machi injini ilikuwa tayari. Tangi bado lilikuwa limelowekwa ndani ya siki ili kutu iachie, kwa hiyo nikaning'iniza chupa ya petroli kwenye usukani na mpira mwembamba kwenda kwenye kabureta. Nilipiga kiki mara thelathini. Goti likagoma.

"Pumzika, utakufa hapa nipate kesi," dada akasema. Akainama, akaziba nusu ya mdomo wa kabureta kwa kiganja. "Sasa piga."

Ikawaka. Ilitoa moshi wa buluu ukajaa karakana nzima, ule moshi wa petroli na oili, mtamu kidogo, na mlio wake mkali wa kupasua kuni ukatikisa vioo vya dirisha. Nilifumba macho. Nilikuwa kwenye ukingo wa mlima, asubuhi, na hakuna mtu aliyejua nilipo. Nilipofumbua, dada alikuwa amegeukia ukuta anafuta miwani. Nilizima, tukakohoa, tukafungua milango yote miwili na kunywa chai kwenye baridi.

Ilibaki rangi. Na hapa mimi nilikuwa nimejiandaa kuwa mtu mwema. Mwanzoni nilitaka ing'ae kama mpya, lakini baada ya kusikia habari zake zote niliona si haki kufuta miaka minane ya mtu kwa miezi yangu kumi na minne. Nikamwonyesha tangi lililokwisha kusafishwa.

"Nitapaka nyeupe, na mstari wake," nikasema. "Ila hiki kibonyeo nitakiacha. Ni chako."

Akakunja uso.

"Kinyooshe."

"Dada, ni kumbukumbu ya..."

"Yukinobu, kinyooshe. Hicho ndicho kitu pekee ambacho sikitaki."

Alikaa. Aliniomba nizime jiko kwa sababu lilikuwa linapiga kelele, kisha akanieleza, huku akiangalia mikono yake.

Ilikuwa Januari 1976. Hatsue, mke kijana wa Hinoura, alikuwa na mtoto wa kike wa miezi tisa aitwaye Sayo. Mtoto alipata homa, kifua kikawa kinabana. Mpaka dada anaitwa, midomo ilishaanza kuwa ya buluu. Alimpandisha Hatsue nyuma, mtoto amefungwa mbele ya mama yake ndani ya koti, katikati yao wawili, wakashuka. Kwenye kivuko cha kijito cha chini mawe yalikuwa na barafu. Pikipiki ikateleza, tangi likagonga jiwe. Hakuna aliyeumia. Lakini mkono wa klachi ulikatika, na ilibidi watembee saa mbili mpaka barabara kuu. Sayo alifika hospitali akiwa hai. Alifariki alfajiri.

"Daktari alisema hata tungewahi ingekuwa vilevile," dada alisema. "Ndivyo wanavyosema. Mimi pia nimewaambia watu wengi hivyohivyo."

"Na ukaendelea kuiendesha?"

"Miaka minne mingine, kibonyeo kikinitazama hapa gotini."

"Kwa nini hukukinyoosha wakati ule?"

"Wakati ule nilitaka kiwepo. Niliona nakistahili." Akainua uso. "Sasa unajua kwa nini sikukurudishia. Ningekupa vipi pikipiki yako ikiwa na kitu kile?"

Nilikumbuka utani wangu wote wa mwaka mpya, mmoja baada ya mwingine, nikaona haya hadi masikioni. Nikamwambia nitakinyoosha wiki hiyohiyo.

Sikuwahi. Jumatano, siku ambayo dada haji, mwanamke aliingia karakanani akiwa na kofia pana ya shambani na kikapu cha chai. Nilimjua kwa sura. Anauza chai na kachumbari kwenye soko dogo la kando ya barabara. Sikuwa nimewahi kujua kwamba huyo ndiye Hatsue wa Hinoura.

"Fundi, samahani kukusumbua. Nimesikia pikipiki ya muuguzi imepatikana."

"Imepatikana, mama."

"Naweza kuiona?"

Tangi lilikuwa juu ya benchi, tupu, rangi imeondolewa. Alivua glavu. Vidole vyake vilienda moja kwa moja kwenye kibonyeo, vikazunguka ukingo wake, vikatulia katikati. Nilijishughulisha na kopo la grisi.

"Mwanangu hakuwahi kupigwa picha," alisema. "Tulipanga tupige akitimiza mwaka. Nguo zake nilimpa shemeji yangu, alikuwa na mimba. Nyumba ya Hinoura ilianguka. Wakati mwingine najiuliza kama kweli alikuwepo." Akavaa glavu zake. "Hutakiondoa hiki, sivyo?"

Nilisema rangi bado haijakauka, maneno ya kipumbavu, kwani rangi yenyewe haikuwepo. Aliniachia pakiti ya chai, akainama, akaondoka.

Siku mbili nilifunika tangi kwa kitambaa kama maiti, nikawa nafanya kazi nyingine. Nilifikiria kutafuta tangi jingine. Nilifikiria kudanganya pande zote mbili. Ijumaa dada alipofika na kuona kitambaa, alikifunua.

"Bado?"

"Hatsue alikuja," nikamwambia. "Anataka kibaki."

Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliuliza tu, "Alisema nini? Neno kwa neno." Nikamweleza neno kwa neno. Alipomaliza kusikiliza alichukua mkoba wake.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

"Nikupeleke?"

"Nina miguu. Mmoja na nusu."

Nilimfuata hata hivyo, kwa mbali kidogo, nikijifanya ninahitaji viazi. Hatsue alikuwa anapanga vifurushi vya chai. Alipomwona dada alisimama wima, mikono ubavuni, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Dada aliinama mpaka nikaogopa kwa ajili ya nyonga yake.

"Ningepaswa kuja zamani," dada alisema. "Niliteleza pale kivukoni. Nilikuwa naenda kasi kuliko ilivyofaa. Sijawahi kukuomba radhi."

Hatsue alimwangalia kama asiyeelewa lugha anayosikia.

"Radhi ya nini?"

"Ya Sayo."

"Muuguzi, mimi ndiye niliyechelewa kukuita! Siku mbili nzima. Mama mkwe alisema ni meno yanaota, nami nikanyamaza. Miaka yote hii ukiniona unavuka barabara. Nilijua unanilaumu. Nikasema ana haki, ngoja nisimkere."

"Mimi? Nikulaumu wewe?"

"Sasa ulikuwa unavuka kwa nini?"

Wanawake wawili, wa miaka sabini na tano na sitini na tisa, wamesimama kati ya figili na chai, miaka arobaini na saba imewapitia hivihivi, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa heshima. Hatsue ndiye aliyeanza kulia, bila sauti. Dada alimshika viwiko. Mteja mmoja aliuliza bei ya kachumbari, nikamhudumia mimi mwenyewe, na nadhani nilimpunja.

Siku ya Jumanne dada alikuja karakanani akavaa aproni yake kama kawaida.

"Acha kibaki," alisema. "Lakini paka rangi nzuri, safu tatu, uisugue kwa msasa mwembamba katikati. Kama kinabaki, kibaki kwa adabu."

Nikapaka safu nne. Mstari mwekundu niliuchora kwa mkono, na kwa kuwa mkono wangu ndio huo, umepinda kidogo karibu na kifuniko. Unapopita kwenye kibonyeo unazama, kisha unatoka upande wa pili.

Katikati ya Aprili, miti ya micheri ya mlimani ilipochanua maua, tulipanda Hinoura. Nilikuwa nimepanga niendeshe mimi. Dada alitoa leseni yake akaiweka mbele ya pua yangu. Haikuwa imeisha muda. Kisha akamwambia Hatsue, aliyekuja na kofia ya chuma ya kuazima iliyomfunika mpaka nyusi, "Panda, ukitaka."

"Taratibu lakini," Hatsue akasema.

"Hata ningetaka haraka, hii nyonga hainiruhusu."

Niliwapigia kiki, wakaondoka, nami nikafuata na kigari cha mizigo. Walikwenda mwendo wa baiskeli. Kwenye kona ya pili gia ikaruka, nikasikia dada akiitukana, na Hatsue akicheka huku amemkumbatia kiunoni kwa nguvu. Barabara ya lami imeshapasuka huko juu, nyasi zinaota katikati, na kabla ya kitongoji inapita kwenye kalavati. Kijia cha zamani na kivuko chake viko chini yake, hatua hamsini hivi. Walisimamisha pikipiki, wakashuka hadi kwenye maji, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi. Mimi nilibaki kwenye gari. Walikaa huko nusu saa. Sijui walisema nini, na sijauliza.

Waliporudi tulikula kando ya njia matonge ya wali aliyofunga Hatsue, na plamu chachu ndani yake. Hatsue alilalamika kwamba kiti ni kigumu kuliko zamani. Dada akasema hapana, ni makalio ndiyo yamepungua. Wakabishana juu ya nani alikuwa mwembamba mwaka 1975.

"Wewe shuka nayo," dada akaniambia, akinipa kofia. "Sisi tutakuja na gari. Mgongo wangu umekwisha."

"Unajua kuliendesha gari langu?"

"Nenda, Yukinobu."

Nilipanda. Goti lilinikumbusha umri wangu, lakini injini iliwaka kiki ya kwanza. Mita mia za mwanzo niliogopa kila jiwe. Kisha mikono ikakumbuka. Sikwenda kasi, na hakuna kilele nilichokipanda, ilikuwa mteremko tu wa kurudi nyumbani, kati ya mierezi, baadhi yake niliipanda mwenyewe ikiwa miche ya urefu wa goti, na sasa siwezi kuikumbatia. Maua ya micheri yalikuwa yanadondoka njiani. Kwenye kona iliyo wazi, ambapo bonde lote linaonekana mpaka mtoni, nilisimama, nikazima injini, nikakaa.

Baada ya robo saa nilisikia kigari changu kikishuka kwa gia isiyo yake, kinalia kama ng'ombe. Nilijisogeza pembeni kuwapisha.